Hatari Machoni pa Umma na Kutokaribiana Wakati wa Janga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu hasa miaka ya 2020 na 2021, UVIKO-19 (korona) ulipoingia Kenya na Tanzania, pamoja na mifano michache ya kwingineko pale inapolifafanua jambo. Hayakuandikwa ili kumfundisha mtu kunawa mikono. Yanaeleza kwa nini watu waliopewa maagizo yanayofanana waliiona hatari kwa namna tofauti, na kwa nini baadhi yao walikaa mbali na wenzao ilhali wengine hawakuweza.

Kutokaribiana kunazuia maambukizi kwa njia gani hasa?

Kirusi cha UVIKO-19 husafiri katika matone na chembechembe ndogo zinazotoka mtu anapozungumza, anapokohoa, anapoimba au hata anapopumua karibu na mwenzake. Mwanzoni mwa 2020, kabla ya watu kuwa na kinga, makadirio mengi yalionyesha kwamba mgonjwa mmoja aliambukiza kwa wastani watu kati ya wawili na watatu. Tuseme ni 2.5. Ikiwa jamii nzima itapunguza kukutana kwa asilimia 60, wastani huo utashuka hadi 1, yaani kila mgonjwa atamwachia ugonjwa mtu mmoja tu, na mlipuko hautakua tena. Ukipunguza zaidi ya hapo, utaanza kufifia wenyewe.

Hesabu hiyo ni ya kukadiria, lakini inabeba jambo ambalo matangazo mengi hayakulisema. Lengo halikuwa kila mtu ajifungie asionane na binadamu yeyote. Lengo lilikuwa kupunguza kukutana kwa kiasi cha kutosha, na kiasi hicho kingeweza kupatikana kwa njia mbalimbali: mwenye kazi ya ofisini afanyie kazi nyumbani ili muuza mboga, asiyeweza kufanya hivyo, apate nafasi sokoni.

Mtu anaonekana mzima kabisa. Kwa nini nikae mbali naye?

Kwa sababu mwenye UVIKO-19 huweza kuanza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajahisi dalili yoyote, na wako wasiopata dalili kabisa. Hapa ndipo macho yetu yanapotudanganya, kwani tumezoea kumtambua mgonjwa kwa kumwona amelala.

Kwa nini sehemu moja ilisema mita moja na nyingine mita mbili?

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza angalau mita moja, Ujerumani ikachagua mita moja na nusu, Uingereza ikaanza na mbili. Hakuna ukuta hewani unaosimama kwenye mita moja. Hatari hupungua kadiri unavyosogea mbali, na hupungua zaidi mkiwa nje au madirisha yakiwa wazi. Chumba kilichofungwa ambamo watu wanaimba kwa saa mbili kina hatari hata kama viti vimepangwa mita mbili mbili. Kwa maoni yangu, nchi zetu zilitumia rangi nyingi mno kuchora alama sakafuni na maneno machache mno kuwaambia watu wafungue madirisha.

Wataalamu wanaposema "mtazamo wa umma kuhusu hatari", wanamaanisha nini?

Wanamaanisha jinsi watu wa kawaida wanavyoikadiria hatari, tofauti na jinsi takwimu zinavyoihesabu. Mwaka 1969 Mmarekani Chauncey Starr alionyesha kwamba watu huvumilia zaidi hatari waliyoichagua wenyewe kuliko ile waliyobebeshwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Paul Slovic aliandika kwamba mambo mawili makubwa huipa hatari uzito katika fikra za watu: kiasi inavyotisha, kwa maana ya kutodhibitika na kuua wengi, na kiasi isivyojulikana, kwa maana ya kuwa mpya, isiyoonekana na yenye madhara yanayochelewa.

Ukiupima UVIKO-19 kwa vipimo hivyo, utaelewa Machi 2020. Ugonjwa ulikuwa mpya, hauonekani, na picha za hospitali za kaskazini mwa Italia zilikuwa katika kila simu. Ndiyo maana siku zile vitakasa mikono viliisha madukani. Malaria, inayoua maelfu ya watoto wetu kila mwaka, haikuwahi kumaliza vyandarua madukani kwa namna hiyo, kwa sababu tumeizoea tangu utotoni na tunadhani tunaijua.

Jambo la pili ni muhimu zaidi: mtu haipimi hatari moja peke yake. Huipima pamoja na nyingine alizonazo siku hiyo, zikiwemo kodi ya nyumba, njaa na askari wa barabarani. Ofisa anayeuliza "kwa nini hawaogopi?" mara nyingi ameiona hatari moja tu kati ya nne.

Kwa nini jirani yangu aliamini kwamba haitampata yeye?

Mwaka 1980 Neil Weinstein alieleza tabia ambayo imeonekana tena na tena tangu hapo, kwamba watu wengi hudhani mabaya yana nafasi ndogo zaidi ya kuwapata wao kuliko wenzao. Mtu anaweza kukubali kabisa kwamba ugonjwa upo, unaua na uko mjini, na bado akaamini kwamba unawangoja wengine. Pamoja na hilo, kama walivyoonyesha Amos Tversky na Daniel Kahneman katika miaka ya 1970, tunakadiria uwezekano wa jambo kwa urahisi wa kukumbuka mfano wake. Aliyemzika shangazi yake kwa UVIKO-19 alikuwa na mfano wa karibu, na asiyemjua mgonjwa hata mmoja alikuwa na tarakimu za redio tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwa miezi mingi ya 2020 wengi wetu tulikuwa hatujaumwa.

Kwa nini takwimu za kila siku hazikuwashtua watu?

Kwanza, akili ya binadamu haifuati vizuri idadi inayoongezeka maradufu. Wagonjwa 100 wakizidi maradufu kila baada ya siku tano, baada ya siku 15 watakuwa 800, idadi ambayo bado inaonekana ndogo katika nchi ya mamilioni. Baada ya siku 50 watakuwa 102,400. Wakati sahihi wa kuchukua hatua ni ule ambao hatua inaonekana kuwa kichekesho.

Pili, vifo huchelewa. Anayefariki leo aliambukizwa wiki kadhaa zilizopita, kwa hiyo idadi ya vifo inaeleza hali ya mwezi uliopita.

Tatu, na hapa inafaa kuwatendea watu haki, takwimu za Afrika Mashariki hazikufanana na zile za Italia, na watu waliliona hilo. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na hadi mwisho wa Julai ilikuwa imetangaza vifo 341. Watafiti wa Kilifi walipopima damu ya wachangiaji iliyokusanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni mwaka huo, walikadiria kwamba asilimia 4.3 ya Wakenya wa rika la wachangiaji walikuwa na alama za kinga dhidi ya kirusi hicho, na Mombasa ikafikia takriban asilimia 8. Hao ni zaidi ya watu milioni moja, ilhali waliothibitishwa kwa vipimo hadi mwisho wa Julai walikuwa takriban 20,000. Maambukizi yalikuwa mengi kuliko yaliyohesabiwa, na waliozidiwa walikuwa wachache kuliko ilivyohofiwa, hasa kwa kuwa idadi kubwa ya watu wetu ni vijana. Mwananchi aliyesema "huku kwetu hauui sana" hakuwa mjinga. Alisoma mtaa wake, na mtaa ulimwambia hivyo.

Tatizo ni kwamba somo la wimbi la kwanza lilitumiwa katika mawimbi yaliyofuata. Aina ya kirusi iliyoitwa Delta ilipofika mwaka 2021, ilikuta watu waliokwisha kuhitimisha kwamba ugonjwa huu ni mafua. Juni mwaka huo serikali ya Kenya ililazimika kukaza masharti katika kaunti 13 za ukanda wa Ziwa na magharibi, na safari hiyo wengi walikuwa na msiba wa kuukumbuka.

Je, ni kweli kwamba wakazi wa mitaa ya mabanda walikaidi?

Swali hili linaulizwa mara nyingi kuliko yote, na kwa kawaida anayeuliza ana geti na bomba la maji ndani. Hebu tuangalie ushahidi. Mapema Mei 2020, baada ya masharti kutangazwa, watafiti waliwahoji wakazi wa mitaa duni ya Nairobi kuhusu watu waliokutana nao, wakalinganisha na hali ya kabla ya janga. Kukutana kwa kugusana kulikuwa kumeshuka kwa asilimia 62, na kukutana bila kugusana kulishuka kwa kiwango kinachokaribiana na hicho. Katika asilimia 92 ya kukutana kulikobaki, angalau mmoja wa wahusika alikuwa amevaa barakoa. Rudi kwenye hesabu ya swali la kwanza uone: ni kiwango kilekile kilichohitajika ili mlipuko usikue.

Utafiti huohuo uliuliza pia gharama. Asilimia 86 walikuwa wamepoteza mapato yote au sehemu yake, na asilimia 74 walikuwa wakipunguza chakula au kuruka mlo kwa kukosa pesa. Kwa maneno mengine, watu walioambiwa kuwa wakaidi walitii, na walilipia utii wao kwa chakula cha watoto wao.

Nyumba ya chumba kimoja chenye upana wa futi kumi kwa kumi haina mita moja ya kugawana kati ya watu sita. Choo ni cha wapangaji wote wa ploti, maji yanachotwa kwa foleni ya mitungi, na mama anayeuza chapati hawezi kuziuza kupitia kompyuta. Unapomwambia mtu huyo "kaa nyumbani", umemwambia akae penye msongamano mkubwa kuliko ule wa barabarani. Aliyetoka kukaa kibarazani hewani alikuwa amepima hatari kwa usahihi zaidi kuliko tangazo.

Yapo masharti yaliyofanya kutokaribiana kuwe rahisi?

Yapo, nayo hayatajwi vya kutosha. Kuanzia tarehe 16 Machi 2020 Kenya iliondoa ada za kutuma pesa kwa simu kwa miamala isiyozidi shilingi 1,000, na hali hiyo ikaendelea hadi mwisho wa mwaka. Muuzaji na mnunuzi hawakuhitaji tena kupokezana noti, na hakuna kati yao aliyepungukiwa kwa kufanya hivyo. Kwa upande mwingine kuna matatu ya viti 14 iliyoamriwa kubeba abiria wanane. Shabaha ilikuwa nzuri, lakini nauli ilipanda, na aliyeulipia umbali ule ni kibarua aliyekuwa amepunguziwa siku za kazi. Masharti yote mawili yaliwatenga watu. La kwanza lilipunguza gharama na la pili liliiongeza, na haishangazi kwamba la pili ndilo lililovunjwa kila jioni konda alipoona trafiki wameondoka.

Je, nguvu za polisi husaidia pale maneno yanaposhindwa?

Tuangalie jioni moja ya Mombasa. Tarehe 27 Machi 2020 ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu ya Kenya, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kivuko cha Likoni huvusha mamia ya maelfu ya watu kwa siku kati ya kisiwa na kusini mwa pwani, na wafanyakazi wote waliokuwa wakirudi kwa awamu hadi usiku walilazimika siku hiyo kurudi kwa pamoja kabla ya saa moja. Foleni ikajaa. Kabla saa ya kafyu haijafika, polisi walirusha mabomu ya machozi katika umati huo na kuwapiga watu kwa virungu. Waliopigwa walikimbia kwa kusukumana, wakalazwa chini wakigusana mabega, wakakohoa na kutema mate kwa sababu ya moshi.

Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba Wakenya radhi kwa nguvu za kupita kiasi zilizotumika, lakini kipimo cha hatari kilikwisha kubadilika. Katika mitaa mingi watu walianza kusema wazi kwamba wanamwogopa askari kuliko korona. Mtu anayeogopa askari huvaa barakoa anapomwona askari, na huishusha kidevuni askari anapopita.

Serikali inaponyamaza au kubadilisha kauli, umma hufanya nini?

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake shule zikafungwa. Daladala ziliagizwa kubeba abiria waliokaa tu, na ndoo za maji zenye koki zikawekwa mbele ya kila duka. Kisha, baada ya kutangazwa wagonjwa 509 na vifo 21, takwimu zilikoma. Mei, Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo vya maabara, akitaja sampuli za papai na mbuzi ambazo alisema zilionyesha kuwa na maambukizi, na Juni akatangaza kwamba nchi imeondokana na ugonjwa. Februari 2021 akawahimiza wananchi wavae barakoa, wakipendelea zilizotengenezwa nchini. Baada yake, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikarudi, na tarehe 28 Julai 2021 akachanjwa hadharani.

Kwa mwananchi wa kawaida, hizo ni kauli tatu tofauti ndani ya muda usiofika mwaka mmoja na nusu. Takwimu rasmi zinapokosekana, watu hawaachi kukadiria hatari. Hutafuta dalili nyingine. Walihesabu matangazo ya vifo redioni, walisikiliza madaktari wa ukoo na walifuatilia sauti za WhatsApp ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi. Wengine walijifukiza nyungu kwa bidii, wengine wakaacha kuhudhuria matanga kimyakimya huku wakisingizia safari. Ndani ya familia moja ungemkuta anayezidisha hofu na anayeipuuza kabisa, kila mmoja akiwa na ushahidi wake mkononi.

Imani kwa viongozi ina uzito kiasi gani?

Ina uzito mkubwa, na mfano ulio wazi zaidi unatoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ulioua zaidi ya watu 2,200, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, Septemba 2018. Waliosema kwamba wanawaamini viongozi wa eneo lao kuwatetea walikuwa chini ya theluthi moja, na mtu mmoja kati ya wanne aliamini kwamba Ebola haipo. Wasioamini hawakuelekea kufuata hatua za kinga wala kupokea chanjo kama wenzao.

Desemba mwaka huo tume ya uchaguzi iliahirisha uchaguzi katika miji hiyo miwili kwa sababu ya Ebola, ilhali masoko na makanisa yalikuwa wazi. Watu waliandamana, na kituo cha Ebola mjini Beni kikashambuliwa. Kwa watu waliokuwa wakiuawa na makundi ya waasi kwa miaka mingi bila ulimwengu kuja mbio, ugonjwa ulioleta magari mengi meupe ya mashirika kwa siku chache na kisha kuwanyima kura ulikuwa na kila sifa ya njama. Kuwapelekea vipeperushi zaidi kusingesaidia kitu.

Basi si bora watu waogopeshwe zaidi?

Hofu kidogo iliyoambatana na njia ya kujikinga humsukuma mtu kuchukua hatua. Hofu isiyo na njia humfanya akanushe, au ajifiche. Mapema mwaka 2020 nchini Kenya, baadhi ya waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini, na waliowekwa humo walitakiwa kujilipia gharama kabla ya serikali kuzibeba katika vituo vya umma. Karantini ikawa jela yenye bili. Mtu mwenye homa na kikohozi aliyeyaona hayo alikuwa na sababu nzuri ya kunywa tangawizi nyumbani na kutomwambia mtu, jambo ambalo kwa hesabu za maambukizi ni baya kuliko yote.

Je, kufunga misikiti na makanisa hakukupingana na imani?

Kwa Waislamu wa pwani, mashehe wengi walikumbusha mafundisho ya Mtume kwamba tauni ikiwa katika nchi, aliye nje asiingie na aliye ndani asitoke kuikimbia, pamoja na kisa cha Khalifa Umar aliyerudi njiani alipokuwa akielekea Shamu kwa sababu ya tauni. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Mwaka 2020 Hija yenyewe ilifanywa na watu wachache waliokuwa tayari ndani ya Saudia. Kenya ilipofungua tena nyumba za ibada Julai mwaka huo, ilikuwa kwa waumini wasiozidi 100 na kwa muda usiozidi saa moja. Tanzania haikuzifunga. Kwa jumla, agizo lililotoka kwa imamu au padri anayefahamika lilipokelewa vizuri kuliko lilelile likitoka kwa mkuu wa wilaya.

Je, barakoa haikuwafanya watu wasogeleane zaidi?

Hofu hiyo ilitolewa sana mwanzoni, lakini ushahidi wake umekuwa dhaifu. Wakazi wa Nairobi waliotajwa hapo juu walivaa barakoa na kupunguza kukutana kwa wakati mmoja.

Nimealikwa harusini wakati ugonjwa umepamba moto. Nipimeje?

Uliza mambo manne: ni ukumbini au uwanjani, mtakaa saa ngapi, mtakuwa wangapi kutoka miji mingapi, na nani atakusubiri nyumbani ukirudi. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Kijana wa miaka 25 anaweza kuwa na haki ya kutojiogopea, lakini kama anarudi kulala chumba kimoja na bibi mwenye kisukari, hatari anayoichukua si yake. Akihudhuria nikahi ya asubuhi chini ya mwembe, akatoa mkono wa heri kwa simu na kuruka karamu ya usiku ya ukumbini, atakuwa ameepuka sehemu kubwa ya hatari bila kuwavunjia heshima wenye shughuli. Mwenyeji naye anaweza kumrahisishia mambo kwa kutangaza mapema kwamba chakula kitafungwa na kupelekwa majumbani, ili asiyekuja asihesabiwe kuwa amesusa.